Ng'ombe Waliokwama Benki

Siku ya kunyoa nywele kwenye msiba wa baba mkwe wangu, Mzee Maduhu, wembe ulimruka binti yangu Kabula. Wajukuu walikuwa wameketishwa kwenye mkeka nyuma ya nyumba, shangazi wa mume wangu akiwanyoa mmoja mmoja kama desturi ya wafiwa ilivyo kwetu, maji ya sabuni yakitiririka kwenye vumbi. Alipomfikia Kabula alimshika kidevu, akamtazama, akamwachia. "Wewe inuka, mama. Wewe ni mgeni wetu kutoka Lalago." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekwambia leo ni Jumanne. Mtoto akainuka, akaja kusimama ubavuni kwangu na nywele zake zote kichwani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, kwani aliyekufa si babu yangu?" Nilikuwa namnyonyesha mdogo wake, ambaye hata kukaa bado. Huyo kichwa chake kilikuwa kinang'aa. Alinyolewa wa kwanza.

Nilikuwa nimejizuia tangu siku ya mazishi. Siku hiyo alisimama mtu mmoja mnene, mstaafu, zamani alikuwa mkubwa wa ushirika huko Bariadi, akavua kofia akasema marehemu alikuwa mwanaushirika wa kweli, mtu mvumilivu, ambaye hakuwahi kuidai serikali kitu. Watu wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikaangalia pembeni nisije nikaokota jiwe. Lakini wembe uliporuka kichwa cha mwanangu nikasema basi, haya nitayaandika. Sitaeleza nilizaliwa wapi na wazazi wangu walikuwa watu gani, hayo hayamsaidii mtu. Nitaeleza mwaka mmoja tu, ule ambao wanunuzi binafsi wa pamba waliingia kwetu na benki ikafunga mfuko, kwa sababu mwaka huo ndio uliomwinua Kabula kwenye mkeka. Shangazi hana kosa, alifuata desturi. Wenye kosa hawakuwepo pale. Au alikuwepo mmoja, akala wali wetu, akaondoka.

Nilifika kwa Mzee Maduhu, kijiji cha nje kidogo ya Dutwa, kabla mvua hazijakolea. Matokeo yangu ya kidato cha nne yalikuwa hayajatoka. Tumbo lilikuwa limeshatoka. Mwenye mimba hiyo alikuwa Sayi, mtoto wa kwanza wa Mzee Maduhu, na Sayi hakukana. Baba yangu akaja kutoka Lalago, wazee wawili wakakaa, wakaongea kama wazee wanavyoongea, mvua kwanza, halafu mifugo, halafu mimi. Kwetu Usukumani ng'ombe wa mahari ndio wanaomhamisha mtoto. Wasipopelekwa, mtoto anahesabiwa wa nyumba ya baba wa mama yake, hata kama anafanana na upande wa pili mpaka kucha. Mzee Maduhu zamani alikuwa na zizi la kutisha. Lakini serikali ilipojitoa kwenye majosho, dawa ya kuogeshea ikawa ya kununua, na waliokuwa hawana hela ya dawa walipewa ndigana, ile homa ya kupe inayoua ng'ombe. Zizi likabaki na maksai wa kulimia na ng'ombe wachache wa maziwa. Basi wakakubaliana hivi: pamba ikiuzwa, ng'ombe watanunuliwa mnadani na kuswagwa mpaka Lalago. "Msimu mmoja, Maduhu," baba akasema akiwa ameshasimama. "Nikiona ng'ombe, binti ni wako na alichonacho tumboni ni chako. Nisipoona, nakuja kuchukua vyote viwili." Mzee Maduhu akacheka. Pamba ilikuwa haijawahi kumwangusha.

Nikifumba macho nakiona chumba cha pamba. Kilikuwa chumba kikubwa kuliko vyote katika ile nyumba, kikubwa kuliko alicholala mzee mwenyewe, hakina dirisha, kina tundu moja juu karibu na bati. Kuanzia mwezi wa mavuno pamba iliingia kwa vikapu ikapanda mpaka kifuani, na humo ndimo tulimoshinda mimi na mama mkwe wangu, tukichambua. Nyeupe huku. Fifi, yaani ile yenye madoa na iliyoliwa na wadudu, kule. Joto la mle ndani lilikuwa kama la mgonjwa, na harufu yake bado inanijia nikifungua sanduku la nguo. Kabula alikuwa amezaliwa wakati wa mvua kubwa, nikamwita hivyo kwa sababu ndivyo tunavyowaita watoto wa mvua. Tulikuwa tunamlaza juu ya lundo la nyeupe, tumekagua kwanza nge. Mama mkwe alikuwa anamtazama anacheka. "Ona anavyojinyoosha! Mwanangu, huyu mtoto analala juu ya ng'ombe wa mama yake." Halafu anaokota fifi moja iliyojificha, anainyanyua kwenye mwanga. "Na huyu ndama ana ukurutu. Mtoe."

Mama mkwe wangu, Ngolo, nilimwita mayu, yaani mama. Baba mkwe nilimwita baba, lakini kumwita tu. Kuongea naye sikuruhusiwa. Mkwe wa kike haketi mbele ya baba mkwe, hamtazami usoni, hamtumii neno moja kwa moja. Neno linapita kwa mama mkwe. Sasa mimi shuleni nilikuwa kwenye mdahalo, mdomo wangu ulikuwa umezoea hewa. Wanaume walikula uani, sisi jikoni, kati yetu ukuta wa fito na udongo uliojaa nyufa, kila mtu anamsikia kila mtu, na bado neno lilizungushwa kama mzigo unaolipiwa ushuru.

Jioni ninayoikumbuka zaidi tulikula ugali wa mtama na mlenda. Mchana wake lori la mnunuzi binafsi lilikuwa limesimama barabarani Dutwa. Kijana kutoka Mwanza, miwani ya jua, mizani ameining'iniza kwenye bomba la lori lenyewe, hela anatoa hapo hapo kwenye mfuko wa rambo. Alinunua nyeupe na fifi kwa bei moja. Watu walipoona hivyo wakaacha kuchambua, na waliokuwa na akili ya haraka wakaanza kunyunyizia pamba maji na mchanga iongezeke uzito.

"Baba, analipa pesa mkononi," Sayi akasema uani.

"Na mwakani atakuwepo?"

"Ya mwakani tutayaona mwakani."

"Mbegu atakupa nani? Dawa ya kupulizia atakupa nani? Umeona watu wanavyomwagia pamba mchanga? Pamba ni kitu cha kuvaa, Sayi. Utamvisha mtu mchanga?"

Mimi nikasema kwa nguvu, nimeelekea sufuria, "Mayu, mwulize baba, benki ikikinyima chama cha ushirika hela, chama kitatulipa na nini?"

Mama mkwe hakugeuka. "Baba Sayi, mkweo anauliza, benki ikikinyima chama hela..."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwambie lile ghala la chama nilibeba mawe yake kwa kichwa changu hiki. Mwulize huyo wa lori alibeba nini."

"Mwanangu, anauliza wa lori alibeba nini."

"Mwambie alibeba hela."

Mama mkwe alicheka mpaka akaweka tonge chini. "Hilo simwambii. Utamwambia mwenyewe ukiota ndevu."

Naandika hili msije mkadhani mzee alikuwa mjinga. Bei ya chama ilikuwa imetangazwa juu kuliko ya lori. Tena wiki chache kabla, mkubwa wa ushirika alikuja kutoka Bariadi, yule yule aliyekuja kuvua kofia makaburini, akasimama mbele ya ghala akasema atakayewapelekea walanguzi pamba yake asije kuomba mbegu msimu ujao, na kwamba nyuma ya chama iko serikali, na serikali haiwezi kufilisika. Kwa mzee aliyeishi miaka yote ile akiuza pamba kwa mizani ileile, hayo yalikuwa maneno ya kweli kama mvua. Angejuaje kwamba aliyekuwa anayasema alishajua si kweli? Wala sina wimbo wa kumwimbia yule kijana wa lori. Msimu uliofuata, alipoona hana mpinzani, aliteremsha bei na hakuna aliyemuuliza. Lakini mwaka ule alikuwa na hela, na sisi tulihitaji ng'ombe.

Pamba yetu ikaenda ghalani kwa mkokoteni wa maksai, safi, imechambuliwa, imefungwa vizuri. Karani wa chama, Jilala, mtu mpole mwenye kofia ya sufu hata wakati wa jua, aliingiza mkono kwenye gunia akasema hajaona pamba kama hii mwaka huu. Mzee Maduhu alirudi anatembea kama bwana harusi. Alipewa stakabadhi na neno: pesa wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja, na ya baada yake. Jilala akasema pesa iko Bariadi. Bariadi wakasema iko Shinyanga. Aliyefika Shinyanga akaambiwa suala liko Dar es Salaam, linashughulikiwa. Chumba cha pamba kilikuwa kitupu, kimefagiliwa, na ukisema neno mle ndani lilikurudia. Unga wa mtama ukaisha tukaingia kwenye michembe, vile viazi vilivyokatwa na kuanikwa, asubuhi michembe, jioni michembe, na Kabula ananyonya maziwa yaliyotokana na michembe.

Ndipo mama mkwe akasema twende tukaulize wenyewe, kwa sababu wanaume wakienda wanapewa chai wanarudi wamelainika. Tukapanda basi mpaka Bariadi, mimi, yeye, na mtoto mgongoni. Ofisi ya ushirika ilikuwa na ukumbi mrefu na benchi la mbao, tukaambiwa tukae, bwana mkubwa ana kikao. Mlango wake haukufungwa vizuri. Harufu ya chapati na chai ya tangawizi ilikuwa inatujia benchini, na sisi tumetoka alfajiri bila kutia kitu mdomoni. Sauti zilikuwa mbili, na iliyoanza niliitambua, ya yule aliyehutubia mbele ya ghala.

"Benki hawatoi hata senti. Wanataka deni la nyuma lisafishwe kwanza."

"Na Dar wanasemaje?"

"Dar wanasema serikali haidhamini tena mkopo wowote. Soko huria. Wafadhili wamekaza. Benki yenyewe iko hoi, wanataka kuipunguza, matawi yafungwe, watu waende nyumbani."

"Sasa si tuwaambie wakulima waache kuleta?"

"Uwaambie halafu pamba yote iende kwa malori? Tutabaki na nini cha kuonyesha? Acha walete."

"Hasira zao je?"

Kikombe kikagusa sahani. "Hasira gani? Mkulima amezoea. Wana michembe wale."

Wakacheka. Si kicheko kibaya, kicheko cha watu walioshiba tu. Mama mkwe Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, hicho cha ofisini kilimpita. Akanigusa goti. "Wanasemaje?" Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia yote kwa Kisukuma, neno kwa neno, mpaka la michembe. Alijifunga upya kitambaa cha kichwa ingawa hakikuwa kimelegea. Halafu akasema, "Wanajua mpaka tunachokula." Akainuka. Hatukusubiri kikao kiishe.

Mzee alipoambiwa alisema wakubwa wakiwa wanakula huongea ovyo, lililo rasmi husemwa mkutanoni. Alikuwa bado anangoja mkutano.

Aliyekuja kabla ya mkutano alikuwa baba yangu, pamoja na mjomba. Hawakuja kwa shari. Walisalimia, mwadila, mwadila, wakapewa viti vya kamba kivulini kwa ghala la nafaka, wakaulizwa mvua za Lalago, wakajibu. Nilikuwa jikoni na ule ukuta wa nyufa, napasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

"Maduhu, msimu umeisha. Sikuona ng'ombe."

"Pamba iko ghalani, mzazi mwenzangu. Pesa imekwama benki. Serikali imeahidi."

"Mimi sikuoza binti kwa serikali. Kwani serikali ndiyo inayooa?"

Mjomba akacheka kidogo akajizuia. Mzee Maduhu hakucheka. Akasema basi achukue maksai, wote wawili, leo hii. Nikasikia kiti cha baba kinalia. "Nikichukua hao, mwakani utalima na meno? Sikuja kukuua. Lakini sikiliza na wewe. Ng'ombe ulioniahidi mimi nimeshawaahidi mbele. Kaka yake huyu binti ameoa, wakwe zake wanakuja kwangu kila mwezi wanaulizia. Nao wana kijana wao anayengoja. Wewe umekwama kwa benki, mimi nimekwama kwako, wao wamekwama kwangu." Mzee akaomba apewe muda mpaka mkutano wa mheshimiwa mmoja wa serikali, anakuja Dutwa siku chache zijazo, atatoa tamko. Baba akakubali. Alilala kwa ndugu yake wa ukoo huko Dutwa, akingoja tamko la serikali kama sisi wote.

Nimefikiria maneno yale ya baba miaka yote hii. Kila nyumba ilikuwa imeegemea nyingine, kutoka kwetu mpaka Lalago mpaka sijui wapi, na katika nyumba zote hizo hakuna aliyebeba dhamana ya mtu. Walioegemeana juu, benki na chama, walishikwa wasianguke. Sisi tuliachwa tuanguke kwa mpangilio wetu wenyewe.

Mheshimiwa alikuja na gari mbili na vumbi. Ngoma zilichezwa, wazee wakapewa viti vya mbele, Mzee Maduhu akiwa na koti lake la msiba na la sherehe, alikuwa nalo hilo moja. Sisi wanawake tulikaa chini pembeni. Alizungumza sana juu ya dunia kubadilika, kila mtu afunge mkanda, halafu akainua mkono. "Ndugu zangu, serikali yenu si kiziwi! Nimetumwa niwaambie. Lile deni la chama chenu, serikali imelibeba!"

Vigelegele vikapasua hewa. Watu wakakumbatiana. Mzee Maduhu akasimama kwenye kiti chake cha mbele akapiga makofi na mikono juu ya kichwa, na mama mkwe kando yangu akaanza kulia na kucheka pamoja. Mimi nikaona chapati na chai ya tangawizi. Nikasikia: deni la nyuma lisafishwe kwanza. Miguu ikanisimamisha kabla sijaamua.

"Mheshimiwa, naomba kuuliza. Deni lililobebwa ni lipi? Ni lile benki inalokidai chama, au hili sisi tunalokidai chama?"

Vichwa vikageuka. Mwanamke, tena mkwe, kasimama, anasema mbele ya baba mkwe wake na kanga imeanguka kichwani. Mheshimiwa akatabasamu. "Mama, wewe umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha nne."

"Ndio maana!" Watu wakacheka, na yeye akangoja wamalize. "Huyu mama angekuwa Waziri wa Fedha, jamani, tungekoma! Sasa mama, deni ni deni. Benki ikipona, chama kitapona. Chama kikipona, mkulima naye atapona. Mambo yana taratibu zake. Kuwa na subira."

"Na mkulima akifa kabla foleni haijamfikia?"

Mtu akanivuta kitenge nikae. Kicheko kilikuwa bado kinaendelea nyuma, lakini mbele kilikuwa kimekatika. Jilala karani alikuwa anatazama viatu vyake. Mzee Maduhu alikuwa bado amesimama, mikono iko juu, haipigi tena. Benki, chama, mkulima. Alikuwa ameusikia mpangilio. Alikaa polepole kama mtu anayepima kama kiti bado kipo.

Tulirudi nyumbani yeye mbele, sisi nyuma. Kwa nilichofanya angeweza kudai mbuzi kutoka kwa baba yangu, na angepewa. Mama mkwe alinong'ona, "Leo umetuvua nguo." Tukatembea. Halafu akasema, "Lakini hakukujibu, sivyo?" Nikamwambia hakunijibu. "Ndivyo nilivyoona. Mtu mwenye jibu hachekeshi watu kwanza."

Miezi baadaye ndipo magazeti yaliposema wazi kwamba serikali imelipa yale madeni ya ushirika kwenye mabenki ili mabenki yapate kusimama. Nililisoma gazeti lenyewe limefungiwa dagaa wa Lamadi. Sikusoma neno la waliopeleka pamba. Na msiniambie sielewi. Naelewa. Benki ilikuwa inakopesha vyama kwa amri ya wakubwa, vyama vikala, benki ikaugua, wenye hela za nje wakasema iponyeni, ikaponywa. Benki iliposhindwa kulipwa ilisafishiwa. Mkulima aliposhindwa kulipwa alisifiwa uvumilivu. Sayi alikwenda machimboni, akafukua dhahabu ya watu, na baadaye sana akarudi na hela ya ng'ombe. Ng'ombe hao walinitoa mimi kwa baba yangu, nikarudi kuwa mke, nikazaa wengine. Lakini kuhusu Kabula wazee walisema hiyo ni hesabu yake peke yake, amekwisha kulelewa Lalago, ana ng'ombe wake wa kukombolewa. Hao hawajapatikana mpaka leo.

Narudi nyuma kwenye asubuhi tuliyoondoka kwenda Lalago. Baba alikuja mapema. Hakukuwa na la kujadili, wote walikuwa mkutanoni. Mama mkwe ndiye aliyemfunga Kabula mgongoni kwangu, akakaza kitenge, akakifungua, akakaza tena. Alinipa kibuyu cha maziwa. Akaingia kwenye kile chumba kitupu cha pamba akafunga mlango. Sayi alitusindikiza mpaka mwisho wa boma akasimama hapo na mikono yake mikubwa isiyo na kazi. Moshi ulikuwa umetanda pande zote, kwa sababu ulikuwa wakati wa kung'oa miti ya pamba na kuichoma kama sheria inavyotaka, wadudu wasivuke msimu. Kila mwaka Mzee Maduhu alikuwa wa kwanza kuwasha. Sasa mashamba ya jirani yalikuwa meusi na la kwake limesimama vilevile, miti mikavu, vipande vya pamba iliyosahaulika vinapepea juu yake. Alikuwa amesimama katikati yake kando ya njia, hana jembe.

Nilipomfikia niliinamisha macho nipite, kama inavyopasa. Akanizuia. Hakumwita mtu wa kupitisha neno. "Minza," akasema, na sikujua kama alikuwa analijua jina langu. "Lile deni lililobebwa. Ni la nani?"

Nikainua macho nikamtazama usoni. Alikuwa na macho ya kahawia mepesi, kama ya Kabula. "La benki, baba."

Akatikisa kichwa mara kadhaa. Mguu wa Kabula ulikuwa umechomoza kwenye kitenge, akaushika, ukapotea wote ndani ya kiganja chake. Hapo akatokea bwana shamba na baiskeli yake, mtu wa utani, akasimamisha mguu mmoja chini. "Mzee Maduhu! Shamba lako vipi mwaka huu? Wenzako wote wamemaliza. Miti hiyo ni kosa la jinai, unajua. Serikali itakukamata."

"Kaiambie ije iing'oe yenyewe," Mzee Maduhu akasema. "Si inabeba madeni? Ibebe na kuni."

Bwana shamba akacheka, akatutazama mmoja mmoja akitafuta wa kucheka naye, akakosa, akapanda baiskeli. Mzee alikuwa bado ameushika ule mguu. Baba yangu alikuwa ameshatangulia mbali njiani, akageuka akaniita, na ilibidi aniite tena.